Bega la Kulia la Mama

Habaswein, 6 Oktoba

Daftari hili ni la maandalio ya somo. Nusu ya kwanza imejaa mazoezi ya ngeli, nusu iliyobaki naichukua mimi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumba hii hakuna atakayenisoma: Mama hakwenda shule, na kaka yangu Khalif, aliye Mandera na biashara zake za ng'ambo, hata ujumbe wa simu hutuma kwa sauti.

Basi hali ni hii. Mama alipigwa na kiharusi mwezi wa Agosti, akiwa zizini anakamua mbuzi. Upande wote wa kulia ulilala. Alilazwa Garissa wiki tatu, akarudishwa. Mimi nafundisha Buna, shule ya msingi, na nimepewa likizo bila mshahara. Mwalimu mkuu, Bulle, alinieleza bila kuzunguka kwamba shule zikifunguliwa Januari nisipoonekana, darasa langu atapewa mtu mwingine. Simlaumu. Watoto sitini hawawezi kukaa wakitazama ubao mtupu.

Kwa hiyo kabla ya Januari Mama awe anasimama mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe, anakula mwenyewe. Asipoweza, mimi ni wa kubaki. Nina miaka thelathini na minane na kazi ile niliisaka miaka saba. Nikisema sitaki kubaki najiona mtoto mbaya. Lakini sitaki.

9 Oktoba

Kifurushi kimefika na basi la Garissa: kishikwambi, bangili ya mpira, nyaya. Ni mradi wa hospitali, kwa wazee waliotoka wodini na kurudi mbali. Bangili inavaliwa mkono ulio mgonjwa, inahesabu kila unaposogea, halafu hesabu inakwenda Garissa kwa mtandao. Huko yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi. Mwikali, anayezisoma na kutupigia kwa video Jumanne na Ijumaa. Hajui Kisomali, Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo katikati nakaa mimi.

Mama aliigeuzageuza bangili akauliza kama ni dhahabu. Nikamwambia mpira. Akasema huyo msichana wa Garissa ni bahili.

10 Oktoba

Bangili lazima itoke kila wakati wa udhu ili maji yafike. Mara tano kuivua, mara tano kuivaa. Hakuna aliyelifikiria hilo isipokuwa mimi ninayefanya.

13 Oktoba

Mazungumzo ya kwanza. Bi. Mwikali ana sauti ya upole na haraka kidogo. Alimtaka Mama ateleze mkono juu ya meza, mbele na nyuma, akisaidiwa na ule mzima. Usipite kimo cha kifua, alirudia mara tatu, bega la mtu wa kiharusi limelegea. Halafu kusimama kutoka kitini, mara kumi.

Mwisho akaweka kwenye kioo nyuso sita, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Mama aonyeshe maumivu yake yako wapi. Mama akagusa inayocheka, hata hakuziangalia nyingine. Akaongeza kwa Kiswahili chake: "Mimi boa. Alhamdulillahi."

Boa ni poa kinywani mwake. Nikatafsiri: hana maumivu. Kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Ukiulizwa hali, unasema ni amani, hata ukiwa na mguu mmoja mlangoni mwa kaburi. Kinachouma utamwambia Mungu. Bi. Mwikali akaandika sifuri, akafurahi, na mimi nikafurahi.

16 Oktoba

Maji. Uji. Mazoezi. Maji. Kulala.

20 Oktoba

Leo Bi. Mwikali alituuliza ni mazoezi gani tunafanya saa saba mchana, maana kila siku saa hiyo mkono unafanya kazi kuliko asubuhi. Nikamwambia si mazoezi, ni wali.

Mama hali kwa mkono wa kushoto. Hakula nao akiwa mzima na hataanza sasa kwa sababu ya maradhi. Kulishwa pia hataki, anasema kulishwa ni kwa watoto na maiti. Kwa hiyo anakaa mbele ya sahani, vidole vya kulia vinakusanya tonge, tonge linaanguka njiani, anaanza upya. Saa nzima. Mwanzoni nilikaa naye, nikaishia kukunja ngumi chini ya shuka langu. Sasa namwekea chakula, nakwenda zangu kisimani. Nikirudi sahani ni tupu na mkeka umejaa punje.

Bi. Mwikali alicheka sana, akasema kama angeweza angewaandikia wagonjwa wake wote wali wa namna hiyo. Nilipomtafsiria Mama, alijishika kifua kwa fahari.

24 Oktoba

Khalif amepiga. Ana maoni. Ameambiwa na mtu Mandera juu ya mafuta fulani ya kuchua. Nikamwuliza atakuja lini kuchua.

27 Oktoba

Mvua ya kwanza ya deyr, vuli yetu. Watu wametoka nje kuipokea. Mimi nimeipokea na ndoo tatu chini ya paa, nikahesabu safari za kisimani nitakazopumzika.

Mama amesimama kitini mara nne kati ya kumi. Wiki iliyopita zilikuwa nne. Wiki ya kabla, nne.

30 Oktoba

Bi. Mwikali anasema tunakwenda vizuri. Polepole, anasema, mwili wa mzee una mwendo wake. Nikamwuliza kama Mama atakuwa tayari kufikia Januari. Akasema hawezi kuahidi mwezi. Nilizima kishikwambi kabla hajamaliza kuaga, nikasingizia mtandao.

2 Novemba

Leo nimefanya jambo la akili. Nimeona kwenye simu video ya mgonjwa aliyefungiwa kamba juu ya roda: mkono mzima unavuta upande huu, mkono mgonjwa unapanda upande ule. Nikachukua kamba yetu ya akiba ya kisimani, nikaipitisha juu ya boriti, nikamfunga Mama kitambaa kifundoni. Mkono ukapanda hadi juu ya kichwa! Wa kulia, ambao tangu Agosti haujavuka kifua. Nilitaka kulia.

Nikamwuliza kama inauma. "Nabad," akasema. Amani.

Na uzuri wake ni kwamba anaweza kuvuta mwenyewe mimi nikiwa kwenye maji. Nimemwambia mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Bi. Mwikali sikumwambia. Nataka azione hesabu kwanza.

4 Novemba

Kamba: hamsini, hamsini.

6 Novemba

Kamba: hamsini, hamsini. Mvua kutwa. Paa linavuja mahali papya.

9 Novemba

Mtandao haupo tangu Jumanne iliyopita. Nurto, jirani yetu, mjane aliyekua na Mama huko malishoni, alikuja kukaa naye mchana. Jioni aliniuliza kwa nini Mama amekonda. Nikamwambia amekonda tangu Agosti. Akasema hapana, amekonda tangu Ijumaa. Nilimjibu vibaya. Mtu akishinda na mgonjwa saa mbili tayari amekuwa daktari.

11 Novemba

Mtandao umerudi asubuhi na Bi. Mwikali akapiga hapo hapo, ingawa si siku yake. Hakumsalimu Mama kwanza. Aliniomba nisogee kando na kishikwambi.

Akasema: asubuhi na jioni mkono unasogea mara nyingi ajabu, mwendo mmoja, sawasawa, kama mashine. Ni zoezi gani hilo? Nikamweleza kamba. Halafu akasema kuna kitu kingine kinachomtia wasiwasi zaidi.

"Mwalimu, ule mkono wa saa saba haupo. Tangu tarehe tano, mchana haugusi kitu. Mama anakula na nini?"

Nikamwambia anakula vizuri, sahani inarudi tupu kila siku, naiosha mimi. Akasema yeye haoni sahani, anaona mkono tu, na mkono umelala. Nikamjibu kwa ukali kwamba labda bangili yake imeharibika kwa mvua. Akasema labda. Akaniomba leo nisiende kisimani saa saba.

Sikwenda. Nilichukua ndoo, nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na dirisha la jikoni kama mwizi nyumbani kwetu.

Mama alikaa na sahani yake. Alisema bismillahi. Akatia vidole vya kulia kwenye wali, akajaribu kuinua. Mkono ulipofika kama shubiri moja kutoka mkekani, uso wake wote ulikunjamana, mdomo ukafunguka na hakutoka sauti. Akaushusha. Akapumzika. Akajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Mara tatu. Halafu akaita kwa ulimi, tk tk tk, na yule mbuzi mdogo aliyekataliwa na mama yake, tunayemlea ndani kwa ajili ya mvua, akaja mbio. Mama akamwinamishia sahani kwa mkono wa kushoto na mbuzi akala wali wangu wote. Alipomaliza, Mama akanyunyiza punje chache mkekani, pale pale zinapoanguka siku zote.

Siku sita. Alikuwa anaishi kwa chai ya maziwa, ambayo anaweza kuinywa kwa mrija. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima na chakula kiko mbele yake, na hakujilisha.

Niliingia ndani. Nilikuwa na hasira, nataka niandike ukweli, sikuwa na huruma kwanza, nilikuwa na hasira. Nikamwuliza amenidanganya tangu lini. Akasema hajadanganya. Nikamwambia kila siku nakuuliza, kila siku unaniambia nabad. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Msichana wa watu ananiuliza hali kwa heshima, akiwa mbali, hanijui. Nimjibu kwa malalamiko?"

Na mimi je, nikasema. Mimi si mtu wa mbali. Alikuwa anamtazama mbuzi.

"Wewe unahesabu siku," akasema. "Nakusikia unavyohesabu. Nikisema naumwa, zitaongezeka."

Nilitoka nikaenda kufungua ile kamba kwenye boriti. Fundo lilikuwa limevimba kwa unyevu, nikalikata kwa kisu. Hatuna kamba nyingine ya akiba na sijali. Nimemuumiza mama yangu mara mia moja kwa siku na kila mara nikaandika hesabu kwa furaha.

12 Novemba

Nimemwambia Bi. Mwikali yote, pamoja na nilivyomkatia mazungumzo siku ile na kusingizia mtandao. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema mfupa wa mkono huenda umeteleza kidogo kutoka kikombe cha bega, au nyama zimechanika, haiwezekani kujua bila picha. Apelekwe Wajir.

Barabara ya Wajir imekatika. Malori yamesimama pande zote mbili za maji.

13 Novemba

Bado imekatika. Bi. Mwikali alinielekeza kwa video: mto chini ya kwapa, mwingine chini ya kiwiko, mkono usining'inie hata dakika moja. Usimvute mkono ukimwinua, shika mgongo. Alinionyesha mahali pa kugusa mbele ya bega, nikahisi pengo la kuingia kidole. Tangu Agosti namwogesha, sijawahi kugusa pale.

Kula: nimemwomba Mama akubali nimlishe mpaka bega lipone. Hakukubali wala hakukataa. Alifumba macho na kufungua mdomo. Tulifanya hivyo kimya, sote wawili tukiona aibu.

18 Novemba

Mvua. Mito. Mvua.

21 Novemba

Barabara imefunguliwa kwa magari makubwa. Tulipanda lori la mbuzi, Mama mbele na dereva, mimi nyuma na mbuzi. Picha imepigwa: hakuna kilichovunjika. Mfupa umeshuka kidogo, nyama zimejeruhiwa. Wiki nne mpaka sita, daktari alisema. Nilihesabu nikiwa bado nimesimama mbele yake, nikajizuia.

24 Novemba

Bi. Mwikali ameondoa zile nyuso. Anasema zimemdanganya, na si kosa la Mama. Sasa hamwulizi kama anaumwa. Anamwuliza leo umeshindwa kufanya nini.

Mama hakuzoea. Mara ya kwanza alisema hajashindwa kitu, Alhamdulillahi. Bi. Mwikali akangoja, hakuongeza neno. Kimya kikawa kirefu mpaka Mama, nafikiri kwa kumwonea huruma mgeni aliyekosa la kusema, akamwambia ameshindwa kufunga shungi. Bi. Mwikali akauliza mkono ulifika wapi. Mama akaonyesha kidevu.

Ndiyo mara ya kwanza nimetafsiri kitu cha kweli.

28 Novemba

Khalif amepiga, nikamwambia nimemuumiza Mama. Nilidhani atafoka. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, mimi ningemuumiza wiki ya kwanza." Halafu akauliza hali yangu na nikamjibu nabad kabla sijafikiri.

3 Desemba

Kuteleza mkono mezani, mara tano. Tumerudi kule tulikokuwa Oktoba.

5 Desemba

Mwalimu mkuu amenitumia ratiba ya Januari. Jina langu limo. Sijamjibu.

10 Desemba

Mama ameshindwa leo: kujigeuza upande wa kulia, kufungua kopo la sukari, kumfukuza kuku. Anazitaja kwa mpangilio. Zamani alikuwa anamhesabia baba yangu hivyo mbuzi waliopotea, na nadhani ameanza kulipenda swali.

14 Desemba

Mvua zimepungua. Mbuzi wana malisho, Nurto analeta maziwa mpaka yanachacha. Mama amekula vijiko vitatu vya uji kwa mkono wake, kiwiko kikiwa juu ya mto. Bangili iliona, na Bi. Mwikali akapiga simu saa hiyo hiyo kuuliza: ni wali? Nikasema ni uji. Akapiga makofi peke yake ofisini.

19 Desemba

Nimechoka mpaka nimeweka chumvi kwenye chai mara mbili. Mama ameinywa yote, akasema nzuri. Nikamtazama. Akasema, "Haya, mbaya."

22 Desemba

Kusimama kitini: saba kati ya kumi. Chooni anakwenda akishika ukuta, nami nyuma yake. Leo nilikaa mbali hatua kumi. Alifika. Ilimchukua muda wa mtu kuswali rakaa nne.

26 Desemba

Nurto amesema atahamia kwetu na godoro lake. Ana macho mabovu na goti moja bovu. Wote wawili pamoja wanapata karibu mtu mmoja mzima, amesema mwenyewe, tena bila kucheka.

Sijui la kufanya. Nikienda na Mama akaanguka, sitajisamehe. Nikikaa, najijua: nitakaa na uso umenuna, na yeye ataishi akiutazama kila siku. Nikimwuliza ataniambia nabad, nenda, na sitajua kama ni jibu au ni adabu.

29 Desemba

Mazungumzo ya mwisho kabla ya mwezi kwisha. Nilikuwa nimemwomba Bi. Mwikali aulize yeye, kwa namna yake. Mimi nitatafsiri tu.

Alimsalimu Mama, akamsifu kwa vijiko. Halafu akasema: "Mama, Mwalimu akirudi Buna, wewe utashindwa kufanya nini?"

Nikatafsiri, macho yangu mezani. Mama alitengeneza mkono wake juu ya mto. Akasema atashindwa kwenda chooni siku ya tope, kwa hiyo siku ya tope atatumia ndoo, na Nurto ataimwaga. Atashindwa kufunga shungi vizuri, na kwa umri wake nani anamtazama. Atashindwa kuvaa bangili baada ya udhu, maana Nurto haoni kile kitundu, basi itavaliwa mara moja kwa siku na Garissa watavumilia. Kula hatashindwa. Atachelewa tu.

Nikatafsiri yote. Bi. Mwikali alikuwa anaandika. Akasema kwa upande wake mazungumzo yataendelea, na kama Buna kuna mtandao mimi ninaweza kuingia humo humo na kutafsiri kutoka kule. Anaona inawezekana. Hatari ipo, hanifichi, lakini inawezekana. Kisha akauliza kama Mama ana neno jingine.

Mama alinigeukia mimi, si kioo.

"Nenda," akasema. "Na itaniuma. Kila siku itaniuma, Deeqa, kuliko hili bega. Nimekuambia, usije ukasema sikusema. Lakini nenda."

Sikuweza kuinua kichwa. Miaka yote niliyoishi sijasikia mama yangu akisema kwamba kitu kinamuuma, si alipozika mume, si ukame ulipomaliza mbuzi wote isipokuwa wawili. Alikuwa amekaa wima, amechoka, jasho juu ya mdomo, anangoja nimpelekee mgeni maneno yake.

Kutoka Garissa Bi. Mwikali akauliza, "Mwalimu? Amesema nini?"

"Amesema niende," nikamwambia. Yale mengine sikuyatafsiri.